Mgeni mmoja, majina mawili

Khairat, sikia yaliyonikuta leo.

Nlikuwa nafanya mazoezi ya JavaScript, ile lugha ya kompyuta, kwenye ile programu yangu ya jikoni inayomwonyesha mpishi kila mgeni anakula nini, hapa hotelini Kiwengwa. Kuna mgeni akila pweza koo linamvimba. Nikaunda mgeni wa majaribio kwa kumwandika kuwa ni sawa na yeye, kisha huyo wa majaribio nikambadilisha: anakula pweza.

Kumbe sikuunda mtu wa pili! Ni yule yule, nimempa jina jingine tu!

Mpishi Ubwa akaniuliza, "We Faiza, mgeni wako kapona lini? Pweza nshampelekea."

Nshampelekea, Khairat!

Nikatoka mbio. Uma uko karibu na mdomo. Nikapiga kelele, asile!

Mgeni akauweka uma chini, akanishukuru. Hajui aliyemwandikia pweza ni nani.

Programu nshaizima, Ubwa anaandika kwa chaki ukutani. Kesho nitajifunza kunakili, mgeni wa pili awe wa pili kweli. Leo siigusi.