Kura Iliyopigwa kwa Jina Lako

San Eusebio, Ilocos,
Alhamisi, 9 Julai 1925.

Mpendwa mwanangu Hermogenes,

Natumaini barua hii ya baba yako mkubwa itakukuta mzima huko Hawaii, na kwamba kidole ulichojikata kwa panga la miwa kimepona. Je, bado unakohoa? Nilikuuliza mwezi wa Aprili, hukujibu. Sisi tuna afya, isipokuwa mama yako, ambaye magoti yanamsumbua tangu mvua zianze. Mpunga tumekwisha kuupandikiza.

Sasa nisome kwa makini. Tarehe mbili Juni ulipiga kura hapa San Eusebio.

Usicheke. Tangu uondoke, kila Januari baba yako amekuwa akikulipia kodi ya kichwa na kukihifadhi cheti nyuma ya picha ya Bikira, ili jina lako lisifutwe mjini. Sikumkataza, niliyaona ni mapenzi ya mzazi. Sikujua kwamba siku ya uchaguzi angempa mdogo wako Faustino cheti hicho na kumtuma kituoni.

Mwenyekiti wa wasimamizi nilikuwa mimi. Karani alipolisoma jina lako, Faustino alinyanyuka kwenye benchi. Mzee Tiburcio, msimamizi wa chama cha pili, ambaye macho yake yamefifia, akauliza, "Huyu ndiye Genes? Mbona Hawaii imemrudisha mtoto?" Watu wakacheka. Baba yako alikuwa amesimama dirishani, kofia mkononi, akinitazama.

Nikasema, "Endelea."

Don Ceferino, mgombea wetu, ameshinda kwa kura mbili. Tangu Wamarekani waanzishe Baraza la kutunga sheria, jimbo letu limewakilishwa na familia moja ya ng'ambo ya pili ya mto, na daraja halijajengwa. Huyu ni wa kwanza kutoka upande wetu, naye ameahidi daraja. Unajua mto ukijaa wagonjwa wetu hufia ukingoni, kama alivyofia mama yako mkubwa, mke wangu, nikiwa nimemshika mkono.

Mpinzani wake amelalamika. Jumatatu tume inafika kutoka Manila, na atakayeapishwa kwanza kutoa ushahidi ni mimi. Wakigundua kura moja ya uongo, huenda wakafuta kura zote za kituo chetu.

Jana nilimweleza baba yako hatari hiyo.

"Manong, kaka yangu, kosa liko wapi?" akaniuliza. "Genes angekuwapo angemchagua nani? Si huyo huyo?"

"Hayupo, Nino mdogo wangu."

"Yupo! Sahani yake iko mezani kila siku. Au wewe na vitabu vyako mmeshamzika?"

Akaondoka bila kuaga, na leo amepita mlangoni kwangu kama anayepita nyumba tupu.

Namwogopea Faustino, maana kosa hili lina kifungo. Nauogopa mto. Kila nikijaribu kuyapanga maneno ya kuficha, nawakumbuka ninyi wawili darasani kwangu, nilivyokuwa nikiwachapa kwa uongo mdogo kuliko huu.

Kwa hiyo Jumatatu nitasema nilichokiona. Nitasema pia kwamba nilimtambua na kumruhusu, ili Faustino ahesabiwe kijana aliyewatii wakubwa wake. Kama ni kufungwa, nianze mimi.

Barua hii itakufikia mambo yakiwa yamekwisha, kwa hiyo sikuombi ushauri. Nakuomba umwandikie baba yako kabla ya kuniandikia mimi. Mwambie kwamba bado wewe ni mtu wa San Eusebio. Kwangu hatalipokea neno hilo, na jina lako litafutwa daftarini kwa ajili ya ushahidi wangu.

Msalimie Policarpo na vijana wetu wote walio kambini. Mama yako na dada yako Leonila wanakusalimu sana. Baba yako hajui kwamba nakuandikia.

Mungu akuepushe na ajali za shambani, akurudishe kwetu ukiwa mzima, nawe utukute tukiwa bado tunasemezana.

Ni mimi nikupendaye, hata utakapokuwa umenikasirikia,
Baba yako mkubwa,
Epifanio