Mto Hauulizi Kama Umependeza

Commune ya Makiso,
Kisangani.
Jumapili, tarehe 9 Juni 2024

Mpendwa Tonton Ruphin,

Nakuandikia kwenye meza ya jikoni. Tumetoka misa ya kwanza, nyumba imetulia, na kabla sijasema neno lolote nataka kujua: umeamkaje? Magoti yanakuruhusu kupanda ile ngazi ya kwako, au baridi ya Bukavu bado inayabana? Na Tantine Émilie, kifua chake kimepoa? Sisi huku tu wazima. Mume wangu Lambert ana mafua kidogo, lakini lituma yake ya ndizi anaila kama kawaida, kwa hiyo simhesabu kuwa mgonjwa. Mvua imepungua, na siku hizi ukungu unakaa juu ya mto mpaka watoto wameshaingia darasani.

Nimechelewa kukuandikia, tena si kwa uvivu. Kuna jambo niliogopa kukuambia, kwa sababu wewe, mjomba wangu, ndiwe uliyenifundisha kushika kamera, na studio uliyoniachia bado ina jina lako mlangoni.

Novemba nilikuambia kwa simu kwamba nimeanguka na pikipiki, mkono umevunjika, utapona. Mfupa ulipona kweli. Ila mkono wenyewe, huu wa kuume, ulibaki unatetemeka, kidogo tu, kama kifuniko cha sufuria maji yanapoanza kuchemka. Daktari alisema ni mshipa wa fahamu, nizoee. Sikumwambia mteja yeyote. Nikaendelea kupokea kazi za arusi.

Januari nilipiga arusi ya Falonne, binti wa Mama Germaine anayeongoza kwaya ya parokia yetu. Kanisani mlikuwa na giza kidogo, na wewe unajua, kwenye giza ndipo mkono wa mpiga picha unapoulizwa maswali. Nilipozifungua picha kwenye kompyuta niliona pete mbili mahali pa moja. Picha za uani, kwenye jua, zilitoka vizuri. Za saa ya pete haikutoka hata moja.

Mama Germaine alikuja studio mwenyewe. Hakupiga kelele, ingekuwa heri angepiga. Alichukua picha moja, akaisogeza karibu na uso wake, akaniinulia vidole vinne, akauliza, "Josée, mutoto wangu iko na macho ine?"

"Munisamehe, Mama. Mukono hainisikie tena."

"Bon. Ungeniambia mbele," akasema. "Ningetafuta mwengine, na tungebakia tu vizuri."

Akaiweka picha mezani, uso chini, akatoka. Nilifunga mlango nyuma yake, na kwa wiki sita sikuufungua.

Siku hizo sitaki kuzieleza sana. Nilikuwa nachambua mchele mpaka unabaki mchele wa kuhesabika. Lambert akija kutoka kazini ananikuta nimekaa palepale aliponiacha. Mwezi wa tatu nikaamua kuuza kamera. Mpiga picha mmoja wa upande wa Tshopo, anaitwa Héritier, alikubali kuichukua pamoja na ile miguu mitatu ya chuma ya kuisimamishia. Tukapatana tukutane alfajiri kwenye mawe karibu na maporomoko ya mto Tshopo, maana yeye anaishi kulekule na alikuwa na safari asubuhi hiyo. Nikapanda toleka, miguu mitatu nimeipakata mapajani kama mtoto mwenye homa, na yule mwenye baiskeli hakuniuliza kitu njia nzima. Namshukuru hata leo.

Héritier akachelewa. Nikasimamisha kamera, ili akija aone kwamba inafanya kazi. Palikuwa na ule weupe unaotangulia jua, na ukungu ulikuwa unainuka kutoka majini polepole, unakaa, unainuka tena. Sikutaka kubonyeza kwa mkono huu wangu. Basi nikaitega kamera ijihesabie yenyewe sekunde kumi, halafu iache jicho wazi kwa sekunde nane nzima. Nikarudi nyuma, nikakunja mikono. Miaka kumi na tisa ya kazi, na hiyo ndiyo mara ya kwanza picha yangu kupigwa nami sijagusa kitu.

Tonton, sijui nikueleze vipi kilichotoka. Yale maji yote yanayonguruma pale yalikuwa yamenyamaza. Yamejilaza juu ya mawe kama maziwa, kama moshi wa ubani, na miti ya ng'ambo inaonekana na haionekani. Mawe peke yake ndiyo yaliyobaki na sura. Nilipoitazama picha ile nilihisi kwamba mahali hapo nimewahi kufika usingizini, zamani sana, tulipokuwa bado tunaishi Kindu, na kwamba kuna mtu alinibeba mgongoni tukivuka. Sauti ya maporomoko ilikuwa masikioni mwangu, lakini kwenye picha palikuwa na kimya, na mimi nilikuwa katikati ya hivyo viwili.

Mlinzi wa bwawa la umeme lililo hapo karibu akaja mbiombio. "Mama! Kupiga picha ya barrage ni défendu, bamekataza!"

"Sipige barrage, Papa. Niko napiga mayi."

"Mayi? Mayi iko na nini?"

Nikamwonyesha. Akainama juu ya kioo kidogo cha kamera, akainua macho akautazama mto, akainama tena. "Lakini iko hivi kweli?" akauliza, na sauti yake ilikuwa imeshuka. Nikamwambia ndivyo ulivyo, ukiutazama muda mrefu bila kupepesa. Akasimama nami, bunduki begani, mpaka Héritier alipofika. Na Héritier aliponyoosha mkono apokee kamera, nilijisikia nikisema kwamba siuzi tena. Alikasirika, na alikuwa na haki. Nilimwomba radhi mara mbili.

Tangu hapo, mara tatu kwa wiki naamka kabla ya jogoo wa jirani. Studio nimeifungua tena, lakini ni kwa picha za pasipoti na za kadi tu, kamera ikiwa imesimama kwenye miguu yake. Zinatutosha. Arusi nampelekea Héritier, na tumekuwa marafiki kwa njia hiyo.

Hilo ndilo nililoogopa kukuambia. Ulitufundisha kwamba picha isiyo na mtu ni nyumba isiyo na moto, nami nimeliamini neno hilo toka nikiwa msichana. Lakini niruhusu nikubishie, kwa heshima zote. Arusini mama wa bibi arusi anataka hivi, tantine wa bwana arusi anataka vile. Huyu nimpunguze tumbo, yule nimpe shingo ndefu. Na mimi naitikia ndiyo, ndiyo, ndiyo. Mto hauulizi kama umependeza. Naweza kuungojea saa nzima na hauchoki nami. Siku nyingine narudi bila picha hata moja, na bado moyo unarudi umejaa. Mkono unatetemeka mfukoni, nami nauacha utetemeke.

Mwezi uliopita nilijaribiwa. Papa Carlos, mwenye hoteli mpya karibu na bandari, aliiona picha ya maporomoko dirishani kwangu, mahali palipokuwa na picha ya bibi arusi. Akaingia, akataka sita, kubwa kama mlango. Nilifurahi hadi nikakaa chini. Kisha akasema, "Ila utie jua. Mbingu ikuwe nyekundu. Na hii moshi-moshi uitoshe, uiondoe yote."

"Papa Carlos, siku ile jua haikutoka."

"Donc? Kompyuta si iko?"

Kompyuta ilikuwepo, Tonton. Ileile niliyopunguzia matumbo ya nusu ya Makiso. Nilitazama kwenye ile picha, nikaona ukungu unainuka kama ulivyoinuka mbele yangu, nikasema, "Hapana, Papa." Neno hilo sikuwahi kumwambia mteja. Alicheka, akidhani natania, halafu akaondoka. Hajarudi mpaka leo, wala sidhani atarudi.

Lambert aliposikia alishika kichwa. "Josée, nani atanunua ukungu?" Niliwasha jiko nikapika pondu ya majani ya muhogo, na nikajisikia naimba. Yeye alinisikiliza, kisha akaniuliza kama anaweza kuja nami safari ijayo. Nadhani alitaka kukiona kilichoniroga.

Basi wiki iliyopita tulishuka Isangi kwa baleinière, ile mashua ndefu ya mbao yenye mota, tukalala kwa dada yake. Kulipopambazuka tulisimama pale mto Lomami unapoingia kwenye mto mkubwa. Ukungu ulikuwa umeimeza ng'ambo yote. Mitumbwi ilipita bila sisi kuiona. Tulisikia makasia tu, na watu wawili wakisalimiana katikati ya weupe, mmoja anamuuliza mwenzake habari za mke wake. Nilipiga picha moja. Lambert, mtu anayeongea hata usingizini, alikaa juu ya gogo na kunyamaza.

Mwishowe akaniuliza kwa sauti ya chini, "Tuko tunangoya nini?"

"Hatungoye kitu."

Aliitikia kwa kichwa. Kisha akajisogeza kwenye gogo, akanipa nafasi, nikakaa. Sikupiga picha tena asubuhi ile. Tulikaa hivyo mpaka ng'ambo ikarudi yenyewe: kwanza mti mmoja, kisha mingine, kisha moshi wa mtu anayepika. Na tuliporudi Kisangani, kabla hata ya kuvua viatu, alitafuta nyundo akanitundikia picha ya maporomoko sebuleni, mwenyewe, bila kuambiwa.

Barua hii anakuletea jirani yetu, jina lake Binti, anayekuja Bukavu kwa ndege kumwona mwanawe. Ndani ya bahasha kuna picha tatu. Mbili nimeandika nyuma ni wapi. Ya tatu sikuandika. Kaa nayo tu, jioni moja ambayo magoti hayaumi. Sikuombi ruhusa, Tonton, maana nimeshaanza, na kurudi siwezi. Nilitaka tu uyasikie haya kwangu, wala si kwa watu, na ujue kwamba mtoto uliyemfundisha hana huzuni.

Mpe Tantine Émilie mkono wangu, na uwabusu watoto, Gracia na Josué, hata kama wanajiona wakubwa sasa. Lambert anakusalimu sana. Anasema ukija tutakupeleka Isangi, na gogo lina nafasi ya watatu. Mungu akujalie asubuhi nyingi zisizo na haraka, na miguu ya kukufikisha kwenye kila moja.

Wako akupendaye, leo kuliko jana,
mpwa wako Josée