Pale Nitakaponyamaza

Dada yangu, mlezi wa mwanangu,

Mimi mzima, ila viatu vya visigino virefu walivyonipa vya jukwaani vinanitembeza kama ndama wa jana. Tangu niache kundi letu la muziki, nimeshaimba peke yangu katika miji mitatu. Jana, kwa mazoea, nikanyamaza katikati ya wimbo, pale ambapo zamani wenzangu walikuwa wakiniitikia. Meneja akanifokea, "Wewe binti, unamsubiri nani?"

Simu yangu anaishika yeye, na mkataba unanikataza kusema nina mtoto. Barua hii nampa dobi wa hoteli aitume. Dada, naogopa mwanangu Kidoti atanisahau.

Jumamosi onyesho litasikika redioni. Mpakate mwanangu karibu na redio. Nitanyamaza tena palepale, safari hii makusudi, nimwite kimoyomoyo. Mwambie aitike.

Ni mimi, Mama Kidoti, jina lisilotajwa huku.