Bima Haina Zamu

Mpendwa mdogo wangu Ouma,

Wewe mtu! Nimekukasirikia tangu tulipokuzika, na kwa vile hasira yenyewe haina pa kwenda, nimeamua kukuandikia. Mvua inapiga mabati hapa Gatina, Kawangware, samaki wangu wamelala kwenye karai na wateja wamejifungia kwao. Basi tuongee.

Unakumbuka Kibera? Kile chumba chetu cha udongo, wewe unalala chini ya meza na kudai hapo ndipo kwako, tusiingie bila kubisha hodi. Mama anarudi jioni kutoka kufulia watu nguo, vidole vimekunjamana, anabisha hodi mezani kweli ndiyo akupe chai. Jumapili tukitoka kanisani tulimfuata kwenye chama cha watu wa kwetu. Kila mmoja alitoa kidogo alichonacho, na aliyeugua akapelekwa hospitali. Ila sheria ilikuwa moja, nawe uliijua kama sala: ukishakula, yaani ukishatibiwa kwa pesa za chama, unangoja hadi zamu izunguke kwa wote.

Mama alikula zamu yake kwa malaria. Masika yalipokuja akashikwa na kifua, akawa hawezi hata kumaliza sentensi. Tulikimbia kwa mwenyekiti mimi na wewe, matope hadi magotini. Yule mzee hakuwa mtu mbaya. Alilia akituambia, "Wanangu, zamu ya mama yenu haijarudi."

Baada ya mazishi uliniambia, "Angevumilia tu ile malaria, Akinyi. Angeweka zamu yake." Ulikuwa mtoto. Nikakufuta kamasi, nikadhani utasahau.

Ukasoma, ukatushinda sote, ukapata nafasi ya masomo majuu. Mimi nikahamia huku Kawangware kukaanga samaki. Ukawa unanipigia simu dukani kwa Mama Njeri, naitwa, nakuja mbio na mikono ya mafuta, Mama Njeri ananung'unika kwamba simu yake itanuka ziwa. Siku moja ulipiga ukiwa na furaha sana. Ulikuwa umemaliza masomo, umepata kazi, na sasa unaomba uraia wa huko, ili uweze kuja nyumbani na kurudi bila kuogopa kufungiwa mlango. Miaka yote hiyo hukuwa umekanyaga kwetu.

"Lakini wana masharti, sista," ukasema. "Ukiwa ulikuja kama mwanafunzi, lazima uonyeshe ulikuwa na bima ya afya wakati wote. Ikikatika kidogo tu, unaanza upya."

Nikakuuliza, bima ndiyo nini?

"Si ni chama tu. Ila huku wanachama hawajuani."

Nilicheka, Ouma! Nikakuuliza, sasa mkifiwa nani anapika? Ukasema chama chako hujawahi kukila hata siku moja, zamu yako iko nzima kama ulivyoipata. Ulivyoringa! Nami nikaringa pia, nikawatangazia wateja kwamba mdogo wangu yuko kwenye chama cha Wazungu na hajala bado.

Uliponipigia tena, sauti ilikuwa ya mtu aliyejikunja. Tumbo, ukasema, upande wa kulia, linakuja na kuondoka. Nikakwambia nenda hospitali. Ukasema karatasi zako ziko mezani kwa wakubwa, ukila bima sasa watakuona mgonjwa, wataikata, na uraia utapotea. "Wacha uraia utoke kwanza. Nitavumilia." Nikakwambia nenda, Ouma. Nikakwambia tena, kwa sauti, mpaka duka zima likanigeukia. Ukanidanganya kwamba utaenda kesho, ukaniuliza kama mvua imeanza huku.

Wekesa, yule rafiki yako mliyekaa naye chumba kimoja, ndiye aliyekuleta. Alikaa hapa kwenye kiti changu cha wateja, akashindwa kula. Ni kidole tumbo kilichopasuka, akasema. Kitu kidogo, wangekikata ukalala siku chache ukarudi kazini. Nikamuuliza, na zamu? Hakuelewa. Nikamweleza habari ya Mama na chama cha Kibera. Akashika kichwa. "Dada, bima ya huko haina zamu. Unaumwa leo, unatibiwa. Unaumwa tena kesho, unatibiwa. Hakuna anayekunyima uraia kwa kutibiwa. Wanachotaka ni uwe nayo tu."

Kumbe ulikuwa nayo. Haki ya Mungu, hilo ndilo linaloniua. Mama alikosa, lakini wewe ulikuwa nayo mfukoni, ukailinda kama yai, na mara ya kwanza kuitumia ni pale ilipolipia sanduku na ndege ya kukuleta. Tumekulaza kule nyumbani, karibu na Mama. Umekuja, na sasa hakuna wa kukufungia mlango.

Jumapili iliyofuata nilisimama kwenye kile chama cha watu wa kwetu, nikataka zamu ifutwe. Wengine waliguna, ati pesa zitaisha. Nikawaambia zikiisha tutachanga tena, lakini habari ya zamu sitaki kuisikia. Wakakubali, labda kwa kunihurumia tu. Zamu ikafutwa.

Nimekumiss, Ouma. Nikisikia simu ya Mama Njeri bado napangusa mikono.

Juzi nilipata homa, kitu kidogo tu, ya kumalizwa na chai ya tangawizi. Nikafunika karai, nikaenda zahanati. Dada wa pale akanipima, akacheka. "Mama, ungengoja kidogo tu ingeisha yenyewe."

Nikamwambia kwetu tumengoja vya kutosha.

Lala, mdogo wangu. Nikija, nitabisha hodi kwanza.

Ni mimi,
dada yako wa samaki