Futa Kila Kilichomo Ndani

Misiera, Nakivale
14 Januari 2013

Mwanangu Ulrich,

Pokea salamu zangu, za majirani, na za kuku mmoja aliyesalimika Noeli. Mimi ni mzima isipokuwa goti la kushoto. Je, wewe? Kile kikohozi ulichokuja nacho kwenye mazishi kimekuacha?

Nisikilize sasa. Mchungaji Nehemiya ameniambia kwamba mama yako, siku mbili kabla hajafa pale hospitali Mbarara, alikuomba umpige video, na ukampiga kwa kamera ya kuazima. Miezi mitano hujaniambia. Sikugombezi. Mimi sikuwa kando ya kitanda chake kwa sababu ilikuwa wiki ya kuhakiki kadi za ukimbizi hapa kambini, na ukikosa siku hiyo jina lako linatoka kwenye posho. Nililinda kadi, mke akaenda bila mimi. Basi angalau nimsikie.

Sina cha kuonyeshea. Wewe ni fundi wa kompyuta, nitengenezee mashine ya sinema ya kukaa hapa nyumbani, ambayo mzee ataiwasha na picha itoke. Simu nimeiuza nikapata betri ya sola, kwa hiyo usinipigie. Niandikie, na Gatete wa lori atanifikishia. Andika polepole, hatua kwa hatua, kama nilivyokuwa nikiwaandikia watoto wa darasa la pili ubaoni. Nitakufuata neno kwa neno.

Mwezi wa nane, akitimiza mwaka, tutavunja matanga. Nataka kumwona kabla ya siku hiyo.

Wako,
Papa

Nyamityobora, Mbarara
23 Februari 2013

Papa mpendwa,

Nakuamkia kwa heshima. Kikohozi kimeisha, kazi ipo, chumba kinavuja upande wa mlango tu. Lile goti lipake mafuta niliyokuletea, usiyaweke kabatini kama mapambo.

Ni kweli nilimrekodi Mama. Alisema, "Papa yako asikie kwa kinywa yangu mwenyewe, asisikie kwa mutu." Ndiyo sababu sijakusimulia lolote.

Gatete anakuletea mashine. Ni kompyuta iliyotupwa na ofisi moja hapa mjini, nimeifufua. Skrini ni pana, imepasuka kona ya chini lakini haizuii kitu. Waya mnene unaunganisha mashine na skrini, waya mwembamba wenye kichwa cha kijani ni wa sauti. Ukikosea, hakuna kitakachoungua, utaona giza tu. Nimeiweka katika Kifaransa ili usihangaike. Ukiiwasha itakuonyesha dosye moja tu, kabrasha lenye video, imeandikwa "Mama". Washa mchana, jua likiwa kali, ili betri isikuangushe.

Video ni nzito, kwa kuwa kamera ya rafiki yangu Mbabazi ni ya kupigia harusi. Ningeweza kuipunguza uzito, lakini uso wake ungejaa madoa, nawe unataka kumwona.

Mtoto wako,
Ulrich

Misiera
11 Machi 2013

Mwanangu,

Salamu nyingi. Goti halijambo. Jirani yetu Kankindi amejifungua mtoto wa kike, mwambie yeyote anayemjua.

Mashine imefika na imewaka. Nilivaa koti. Usinicheke, nilivaa koti na viatu kwa sababu nilikuwa nakwenda kumwona mke wangu. Akatokea, Annonciata mzima, na kile kitambaa cha bluu kichwani. Akaniita "Papa Ulrich". Nililia hata sikusikia sentensi tatu za kwanza, ikabidi nianze upya.

Lakini inakwama. Mwanzo inakwenda vizuri, halafu picha inaanza kurukaruka, na akifika katikati anasema, "Joël nilimuacha kwa..." na hapo anaganda, mdomo wazi. Ikija kuachia, anasema amina na anafunga macho. Mara kumi na moja nimeirudia, mara kumi na moja amenigandia palepale.

Ulrich, unajua hili ni jambo gani kwangu. Vita vya mwaka tisini na sita vilinikuta Uvira kwenye mkutano wa walimu. Nilipowaona tena baada ya miezi minne mlikuwa wawili, wewe na mama yako. Joël, mdogo wako, alikuwa na miaka mitatu. Miaka kumi na sita nilimwuliza mama yako, na miaka kumi na sita alijibu neno moja, "alipotea". Leo anasema alimwacha kwa mtu. Mtoto aliyeachwa kwa mtu ni mtoto aliye hai mahali fulani.

Wewe ulikuwapo chumbani. Alisema kwa nani?

Wako,
Papa

Nyamityobora
20 Machi 2013

Papa mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima. Mimi sijambo.

Wakati anasema maneno hayo nilikuwa nimetoka kumwita muuguzi. Sikusikia. Tukiifanya video iende laini utasikia mwenyewe, kama alivyotaka.

Chomoa redio ya jirani kwenye betri yako. Ondoa mashine juani, iweke pembeni penye kivuli, na usiifunike kitambaa hata kama ni kizuri. Kisha jaribu tena.

Mtoto wako,
Ulrich

Misiera
16 Aprili 2013

Mwanangu,

Mimi ni mzima wa mwili. Kichwani sijui.

Redio nimechomoa. Kile kitambaa alichofuma mama yako nimekitoa juu ya mashine, ingawa ilionekana kama imevuliwa nguo. Bado inakwama. Ila juzi, kabla ya kuganda, kimeponyoka kipande kidogo cha sauti. Amesema, "nilimuacha kwa shi..." Nimeirudia mpaka betri ikafa. Ni "shi", si "sha" wala "si". Nimefundisha watoto kusoma silabi miaka ishirini, silabi siwezi kukosea.

Nikakaa nikawaza watu wote wa bonde letu la zamani. Kisha likanijia. Shimirimana, yule Mrundi aliyeuza sabuni pale Sange. Mke wake hakuwa na mtoto. Wangempokea Joël kwa mikono miwili. Sasa angekuwa na miaka ishirini, pengine naye anauza sabuni. Sijala vizuri tangu siku hiyo, na si kwa huzuni. Nafikiri ni furaha, sijui tena inafananaje.

Nisaidie kusikia jina zima. Nataka kulisikia kinywani mwake kabla sijamwambia mtu.

Wako,
Papa

Nyamityobora
27 Aprili 2013

Papa mpendwa,

Salamu. Naandika nimesimama, Gatete ameshawasha lori.

Usimwaze sana huyo Shimirimana, tusubiri mashine iseme. Nadhani nimepata ugonjwa wake. Mashine ikijaa inapata joto, ikipata joto inachoka, na ikichoka picha hukwama. Fanya hivi: izime na uiache ipoe. Ifungue. Futa kila kilichomo ndani, usiache hata kona. Halafu iwashe tena, itakwenda laini.

Mtoto wako,
Ulrich

Misiera
9 Mei 2013

Mwanangu Ulrich,

Amani iwe nawe. Hapa tunaendelea, mahindi yamesimama.

Nimefuata kama ulivyoandika. Nilizima, nikaacha ipoe. Nikawasha, nikaifungua ile dosye, nikafuta kilichomo ndani. Mashine iliniuliza kwa Kifaransa kama nina hakika, nikajibu ndiyo. Ulisema nisiache hata kona, basi nikaenda mpaka kwenye kile kikapu cha takataka cha pale kwenye skrini, nacho nikakifuta. Kisha nikaizima na kuiwasha tena.

Dawa yako imefanya kazi. Mchungaji ameleta nyimbo za kwaya zilizopigwa kwa simu na zinakwenda laini kama maji, hakuna kukwama. Kila siku baada ya ibada watu wa kwaya wanajaza nyingine, na mimi nawaruhusu ili mashine izoee.

Sasa mama yako hajarudi kwenye skrini. Nafikiri hatua inayofuata ni wewe kuleta ile négatif. Zamani Bukavu mpiga picha alikupa picha na négatif akabaki nayo dukani, hata picha ikiungua alikutolea nyingine. Mpe Gatete. Nitamngoja barabarani kila siku.

Wako,
Papa

Nyamityobora
22 Juni 2013

Papa,

Lori la Gatete lilikufa injini na barua yako imelala ndani yake wiki sita. Nimeisoma leo.

Usiwashe tena mashine. Waambie watu wa kwaya wasiweke hata wimbo mmoja. Naja kesho kuchukua diski.

Nilimaanisha vumbi. Uifungue kwa bisibisi, ufute vumbi lililo ndani, kwenye feni. Sikuandika neno vumbi. Nimeirudia barua ile kichwani mara mia na neno hilo halimo.

Négatif haipo, Papa. Niliihamishia kwako yote, kwangu hakikubaki kitu. Kamera nayo Mbabazi ameshaipigia harusi nyingi tangu wakati ule.

Ulrich

Nyamityobora
19 Julai 2013

Papa mpendwa,

Asante kwa ugali, na kwa kutosema kitu siku ile nilipokuja. Ningependa ungesema.

Nimejaribu wiki nne. Kuna njia ya kurudisha vilivyofutwa, mradi hakuna kilichoandikwa juu yake. Juu ya Mama wameandika kwaya. Nilichopata ni nusu dakika ya rangi ya kijivu na sauti ya mtu akikohoa, na hata hiyo sina hakika kama ni yeye. Nimempelekea fundi mwingine aliyenizidi, naye amenirudishia diski akitikisa kichwa.

Nimeshindwa. Nisamehe.

Mtoto wako,
Ulrich

Misiera
29 Julai 2013

Mwanangu Ulrich,

Salamu za upendo. Natumaini unakula. Kankindi na mtoto wake wanakusalimu, mtoto amenenepa.

Usijiue kwa mawazo. Kama ungekuwa darasani kwangu, kwa sentensi ile ningekukata alama moja kwa kusahau kutaja kinachofutwa, kisha tungeendelea na somo. Na mimi ningejikata mbili kwa kutouliza. Nisingemfuta mama yako kwa mkono wangu kama ningejua. Hilo ndilo linaloniamsha.

Nilichobakiwa nacho ni "kwa shi". Kinatosha. Wiki hii au ijayo, goti likikubali, nitapitia Isingiro, niteremke Kikagati, nivuke mpaka. Kutoka Kigoma kuna boti za Uvira. Nitaanzia Sange kwa Shimirimana. Kama amehama nitauliza alikohamia, na kama si yeye nitapita nyumba kwa nyumba, kila jina linaloanza hivyo. Kadi nimemwachia mchungaji. Safari hii silindi kadi.

Matanga yasivunjwe mpaka nirudi. Nataka Joël awe amekaa mbele na wewe.

Wako,
Papa

Nyamityobora
5 Agosti 2013

Papa,

Usiende. Nampa Gatete barua hii sasa hivi, simu ya mchungaji imezimwa. Ningekuja mwenyewe, na asubuhi nilifika hadi stendi, nikarudi. Mbele ya uso wako ningenyamaza tena.

Nilikuwa chumbani. Sikutoka kumwita muuguzi. Niliishika kamera kwa mikono yangu nikasikia yote.

Mama alisema hivi: "Joël nilimuacha kwa shimo ya matofali, kule mbele ya Luberizi. Homa ilimubeba asubui. Ulrich alikuwa ametangulia na majirani, hakuona. Nilimufunika na kitenge, nikatia udongo na mikono. Papa Ulrich, ulipotufikia ulisema mutoto iko muzima, kwa sababu hakuna mutu aliona maiti yake. Nikaogopa kukuambia. Kila mwaka nikaogopa zaidi. Unisamehe, amina."

Ni shimo, Papa. Si Shimirimana. Hakuna mtu wa kumtafuta.

Sikuweza kukuambia kwa mdomo wangu. Nilitaka mashine iseme. Nilikutafutia skrini, nikakuunganishia nyaya, nikakuandikia habari za joto na kivuli, yote hayo ili mimi nisiwe mtu wa kukuambia kwamba mwanao amekufa. Sikubaki na nakala kwa sababu sikutaka kulala nayo nyumba moja. Na ulipoanza kuniandikia habari za sabuni na furaha, niliona una furaha kwa mara ya kwanza tangu tumzike Mama, nikasema iendelee mwezi mmoja. Kisha mwingine. Hata nilipokaa mezani kwako nikila ugali wako nilikuwa nalijua jina unalolitafuta, nikaomba maji ya kunywa.

Neno vumbi nililisahau kwa haraka. Naapa nililisahau. Lakini uliponiandikia kwamba umefuta, kabla sijalia nilivuta pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo, na hilo sitajisamehe.

Baki nyumbani. Nitakuja unipige, unifukuze, utakavyo. Tutamlilia Joël pamoja, tuvunje matanga ya wawili.

Mtoto wako,
Ulrich

(Nyuma ya bahasha, kwa kalamu nyekundu)

Ulrich, barua yako narudisha, sijafungua. Mzee alitoka Jumamosi na gari ya Isingiro. Mchungaji amesema hakuna namba ya kumpata huko. Alikuwa na furaha sana, alinipa mkono mara mbili. Kwa mfuko alikuwa na shati mpya, fundi alishona kwa kupimia mwili wa kijana wa miaka ishirini.
Gatete