Springi za Stendi na Njia ya Wema

Garsen, Jumatano, Mei 1956

Mawingu yamekaa juu ya mto tangu asubuhi, hayanyeshi wala hayaondoki. Nami niko vivyo hivyo. Nimeketi, nimesimama, nimeketi tena. Naandika hapa ukingoni nikisubiri pantoni irudi kutoka ng'ambo, na karatasi yote inanuka mafuta ya taa kwa ajili ya vidole vyangu.

Binti yangu Zuhura anajifungua mtoto wake wa kwanza, huko Wema, kijiji cha ng'ambo ya mto.

Haya, nimeandika. Tangu asubuhi nilikuwa sijathubutu hata kulitamka.

Habari niliipata kwa mtu wa mtumbwi, jua likichomoza. Uchungu umeanza, na mke wangu, aliyekwenda huko mapema kumwangalia mwanawe, ananiita. "Mwambie Baba Zuhura aje, asiniache peke yangu." Mke wangu si mtu wa kuita. Mimi ndiye huita, hata kijiko kikinipotea.

Basi nikawasha pikipiki ya idara. Mimi ni bwana shamba wa hapa. Kazi yangu ni kuwafundisha watu wa Wema kulima mpunga ambao babu zao walikuwa wakiulima kabla babu yangu hajazaliwa. Nikashuka kivukoni, na hapo hapo nikakwama.

Pantoni yetu huvutwa kwa kamba, na kila abiria huvuta, awe karani, awe mfugaji. Hakuna mkono wa kushikilia mzigo. Kisichosimama chenyewe hakipandi. Na pikipiki yangu, safari iliyopita, ilimlalia mwenye duka mmoja wa Kisomali katikati ya mto, ikamvunjia vikombe vyake vya kahawa.

"Bwana Shamba," akaniuliza Mzee Jillo, mkubwa wa kamba, "leo imeota miguu hiyo?"

Nikaisukuma stendi kwa kiatu. Ikashuka nusu, ikagoma.

"Bado inatambaa. Irudishe nyumbani ikajifunze kusimama."

Wavutaji wakacheka mpaka kamba ikalegea. Nikacheka nao. Ningefanyaje?

Ningeweza kuiacha pale nivuke, nitembee. Wema inafikika kwa miguu. Wanawake huja sokoni huku na vikapu kichwani na kurudi siku hiyo hiyo. Lakini nilijiambia hapana, pikipiki itahitajika. Mambo yakiwa mabaya, nimlete Zuhura zahanati. Nikarudi nyumbani kufungua springi zinazoivuta stendi.

Kukauka kwa springi zile, wa kulaumiwa ni mimi. Zilipoanza kulia, grisi sikuwa nayo, nikazipaka samli. Kwetu samli ni dawa ya kifua, ya koo, ya ngozi, nikaona na chuma kitapona. Kumbe vumbi la barabara ya Minjila linaipenda samli kuliko ninavyoipenda mimi. Vikashikana, vikakauka, vikawa kama ukuta wa udongo. Mbwa wa mtaa nao walikuwa wakija kuilamba pikipiki kila jioni. Mimi nilidhani wamenizoea.

Nikailaza juu ya gunia uani. Springi ya kwanza niliivuta kwa koleo. Ikaruka, ikanipiga kwenye paji la uso, ikatua kwa kuku. Ya pili nikaiendea kwa adabu. Niliisukuma stendi mpaka springi ikatanuka, nikachomeka senti za tundu katikati ya mizunguko yake. Nilipoiachia stendi, springi ikabaki ndefu, ikatoka kwenye ndoano yake bila ugomvi. Nikaziloweka zote mbili katika kopo la mafuta ya taa, nikazisugua kwa kipande cha gunia mpaka zikang'aa. Nikafungua na bolti ya stendi, nikaikwangua kutu. Grisi nikaomba kwa dereva wa lori la barabara. Nikazirudisha.

Stendi ikapanda na kushuka kama mlango mpya.

Hapo ndipo ningeondoka. Sikuondoka. Nilizitoa tena, nikazisugua upya. Kisha nikaona mnyororo nao una vumbi. Kisha spoki.

Nikiwa kwenye spoki, akaingia jirani yangu Mama Guyo, mfugaji wa Kiorma anayetuletea maziwa. Akanusa lile gunia.

"Hii harufu ni samli yangu. Wewe nalisha pikipiki?"

"Ilikuwa mgonjwa, mama."

"Sasa mimi nakamua ng'ombe, chuma nanenepa!" Akacheka sana. Kisha akatazama nyumba iliyofungwa madirisha, na kicheko kikamwisha. "Mtoto yako nazaa leo. Wewe nasugua nini?"

Nikamweleza habari ya kumleta Zuhura zahanati.

"Mwanamke na uchungu nakaa juu ya hii? Mtumbwi iko, watu ya kubeba iko. Bwana Shamba, wewe naogopa."

Akaweka maziwa kizingitini, akaenda zake.

Dada yangu Maimuna alijifungulia kwetu Kinakomba. Nilikuwa nje ya nyumba, nimeegemea ukuta, nikimsikia. Kisha nikawa simsikii. Tangu siku ile, mlango wa mzazi ukifungwa, mimi hupata kazi ya haraka mahali pengine. Leo nimeipata katika springi mbili.

Nikaosha mikono vibaya, nikaja huku mtoni. Nimeteremsha stendi mbele ya watu wote, na pikipiki imesimama wima kama askari. Sasa hakuna kinachonizuia. Afadhali ingegoma.

Pantoni imefika katikati. Mzee Jillo ananipigia kelele kutoka huko nijiandae kushika kamba, niache kuandika mashairi.

Nimekuwa nikijiuliza jambo moja la kijinga. Nikikaribia nyumba ile, nizime injini mbali, nisikilize kwanza kinacholia ndani? Nikijua, nitajua kama niendelee au nitafute spoki nyingine.

Hapana. Sitazima. Nitaingia na kelele zangu zote mpaka mlangoni, ili Mama Zuhura asikie tangu mashambani kwamba nimekuja.