Ndege Waliofuata Ng'ombe

Jumanne, Igunga

Eti mtaalamu! Buti mpya, darubini shingoni, na hajui ndege wa matopeni anakula nini.

Mimi ndiye niliyempeleka leo kwenye majaruba ya baba kuhesabu ndege. Baba alikuwa anavuruga tope kwa ng'ombe kabla ya kupandikiza mpunga. Nyuma ya kwato walijaa yangeyange, kwarara na korongo, wakidonoa vyura. Yule bwana, hata shikamoo hakumpa mzee, akaniambia, "Mwambie awatoe hao ng'ombe, wanasumbua ndege!"

Baba akanitazama. "Mwanangu, si ndege ndio wamewafuata ng'ombe? Hujamwambia?"

Sikumwambia. Nimekulia kwenye tope hilo, nikanyamaza kwa sababu ya darubini.

Ng'ombe wakatolewa. Chai ya chupa hatujaimaliza, ndege wote wakahamia kwa jirani, ambako ng'ombe walikuwa bado kazini. Mjinga yule akajaza fomu: "Ndege hawapo. Wakulima wamewafukuza." Kwa fomu kama hizo ndipo serikali itaamua kama bonde lifungwe liwe hifadhi ya ndege, tusilime tena. Halafu sijui tule nini, hayo madarubini...

Mwishoni akataka sahihi ya mwenyeji. Nikaweka.

Nimemdharau siku nzima, njia nzima, mpaka nilipofika nyumbani. Baba alikuwa ananawa miguu. Akaniuliza, "Mgeni wako ameandika nini kuhusu shamba letu?"

Nimemjibu kwamba mwandiko wake hausomeki.